Jinsi ya Kumpata na Kumtuza Mwanafunzi Rubani Bora kwa Ustadi na Uongozi

Chuo cha urubani kikitangaza mwanafunzi bora wa mwaka, uliza: kawashinda wenzake kwa lipi? Mara nyingi utaambiwa aliruka peke yake mapema kuliko wote, au alimaliza leseni kwa saa chache. Ni jambo la kupongezwa, ila si kigezo cha tuzo. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeweka saa 40 za kuruka kuwa kima cha chini cha leseni ya rubani binafsi, au 35 kwa anayesoma katika kozi iliyoidhinishwa. Ulaya ni 45. Wanafunzi wengi huvuka hapo. Anayemaliza karibu na kima hicho huenda ana kipaji. Huenda pia alikuwa na ada yote mkononi, ndege yake haikulazwa karakana, na hali ya hewa ikamwia shwari. Mwenzake aliyekaa chini wiki kadhaa akitafuta ada hurudi mikono imepoa, na saa za kujikumbusha zinaandikwa kitabuni kama kawaida. Saa hizo hazisemi lolote juu ya uwezo wake.

Ipo sababu nzito zaidi ya kuwa mwangalifu. Wanaofundishwa na tuzo ni wale ambao hawakuipata. Wakiona anayepigiwa makofi ni mwepesi na jasiri, nao wataanza kukimbia. Wakiona anayepigiwa makofi aligeuza ndege katikati ya safari kwa sababu mawingu yalikuwa yakishuka, watajua kwamba kugeuza hakumshushii mtu hadhi. Mkufunzi mkuu anayepanga tuzo anapanga pia tabia za darasa lijalo, atake asitake.

Hatua ya 1: Amueni tuzo ni ya nini, na ni ya nani

Andikeni sentensi moja inayosema tuzo inatambua kitu gani, na muiandike kabla mwaka wa masomo haujaanza. Mkiiandika mwishoni, mtakuwa mnamtafutia sababu mtu mliyekwisha kumpenda.

Ustadi na uongozi ni vitu viwili, na hapa vyuo vingi hujikwaa: hujumlisha alama za vyote viwili na kumchukua mwenye jumla kubwa. Matokeo yake, mwanafunzi anayetua vizuri mno lakini haambiliki hushinda, kwa kuwa alama za mikono zimefunika zile za kichwa. Mimi napendelea vizingiti viwili. Asiyefikia kiwango cha juu katika ustadi hashindi hata awe kiongozi kiasi gani, na asiyefikia katika uongozi hashindi hata atue kama manyoya. Mkiona haifai, toeni tuzo mbili tofauti, kila moja na jina lake.

Kisha tenganisheni madaraja. Anayesomea leseni ya rubani binafsi asipimwe na anayesomea ya biashara, ambaye kwa kawaida ana saa mara kadhaa zaidi. Wekeni pia sharti la chini la kuteuliwa, kwa mfano awe amekwisha kufanya safari ndefu ya peke yake. Kabla ya safari hiyo, mkufunzi yuko pembeni karibu muda wote, na hamwezi kujua maamuzi yapi ni ya mwanafunzi mwenyewe.

Hatua ya 2: Pimeni ustadi kwa vipimo, si kwa hisia

Vipimo vipo tayari. Viwango vya mtihani wa leseni ya rubani binafsi vya Marekani, kwa mfano, vinataka kona kali ya nyuzi 45 ifanyike bila kupotea zaidi ya nyuzi 5 za mlalo wa mabawa, futi 100 za kimo na noti 10 (maili 10 za baharini kwa saa) za mwendo, na mwanafunzi atoke kwenye kona akiwa ndani ya nyuzi 10 za mwelekeo alioingilia. Kutua kwenye njia fupi kunatakiwa kuishie ndani ya futi 200 baada ya alama iliyochaguliwa. Kwa leseni ya biashara, futi 100. Tumieni viwango vya mamlaka yenu ya anga, lakini kumbukeni kwamba hivyo ni vya kufaulu tu. Kila anayepata leseni amevifikia. Mwanafunzi bora lazima atafutwe kwingine, na mimi huangalia mambo matatu.

La kwanza ni uthabiti. Mtu anayetua vizuri sana mara moja na vibaya mara mbili hamzidi yule anayetua vizuri kiasi mara zote. Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alisimulia kwamba wakufunzi wa jeshi la anga la Israeli walimwambia kuwa sifa humharibu mwanafunzi na karipio humnyoosha, kwani anayesifiwa leo huruka vibaya kesho na anayekaripiwa huruka vizuri. Yeye akaona kisichoonekana na wakufunzi: safari nzuri kupita kiasi, au mbovu kupita kiasi, kwa kawaida hufuatwa na iliyo karibu na wastani wa mtu huyo, asifiwe asisifiwe. Kwa hiyo msimpe mtu tuzo kwa sababu ya safari moja ya ajabu ambayo mkufunzi wake hawezi kuacha kuisimulia. Chukueni mfululizo wa safari, katika ndege zaidi ya moja ikiwezekana, upepo wa ubavuni ukiwemo.

La pili ni muda anaochukua kuona kosa lake. Marubani wote hupotea kidogo kwenye kimo na mwelekeo. Mwanafunzi wa kawaida hurekebisha baada ya kupoteza futi 80. Aliye bora ameanza kurekebisha sindano ilipoanza kusogea, na hamkumsikia akihangaika. Mkufunzi anayeangalia mwisho wa zoezi peke yake hulikosa jambo hili. Mwambieni aandike alama iliyofikiwa pamoja na jinsi ilivyofikiwa.

La tatu ni kuacha kutua. Mwanafunzi akija juu mno au kwa kasi mno, kisha akasukuma mafuta na kupaa tena bila kuambiwa, ameonyesha ustadi mkubwa kuliko yule aliyeilazimisha ndege ikagusa chini kwa bahati. Kwenye fomu nyingi kitendo hicho huandikwa kama kutua kulikoshindikana. Badilisheni fomu.

Kazi ya chini nayo ihesabiwe: hesabu ya uzito na mlingano, mpango wa mafuta, usomaji wa taarifa za hali ya hewa, ukaguzi wa ndege kabla ya kuruka. Mtu anayezunguka ndege akiwa ameshika simu sikioni hana nafasi kwenye orodha hii, hata kama mitihani ya darasani amepata alama zote.

Hatua ya 3: Jueni uongozi wa mwanafunzi unaonekanaje

Hapa ndipo penye kazi. Mwanafunzi hana cheo wala hana timu ya kuongoza, na kwenye ndege ya mafunzo yeye ndiye wa chini. Majopo mengi, yakikosa cha kushika, humchagua mwenyekiti wa wanafunzi, au mwenye sauti nene, au anayevaa sare ikakaa. Katika chumba cha rubani uongozi una maana nyingine kabisa, na maana hiyo imelipiwa kwa maisha ya watu.

Tarehe 28 Desemba 1978, safari namba 173 ya United Airlines iliishiwa mafuta na kuanguka karibu na Portland, Marekani, rubani mkuu akiwa ameshughulika na hitilafu ya magurudumu. Watu 10 walikufa. Wachunguzi walisema rubani mkuu hakufuatilia mafuta ipasavyo wala hakuzingatia tahadhari za wenzake. Nao wenzake ama hawakutambua uzito wa hali au hawakuufikisha kwake. Mwaka uliofuata NASA, shirika la Marekani la anga na anga za juu, iliitisha warsha juu ya ajali za namna hiyo, na mwaka 1981 United ikaanza kuwafundisha marubani wake kufanya kazi kama kundi. Tarehe 19 Julai 1989, ndege nyingine ya shirika hilohilo, safari namba 232, ilipoteza angani mifumo yote ya hadroliki, ile inayosogeza usukani wa ndege. Rubani mkuu, Al Haynes, alimkaribisha Denny Fitch, mkufunzi wa marubani aliyekuwa kati ya abiria, aje kushika mikono ya injini. Kati ya watu 296, walipona 184 katika hali ambayo haikuwa na utaratibu wowote kitabuni. Haynes mwenyewe aliyashukuru mafunzo hayo.

Basi rubani kiongozi ni yule anayesema panapotakiwa kusemwa, na anayeambilika. ICAO nayo imeuweka uongozi na kazi ya pamoja katika orodha moja ya umahiri wa rubani, pamoja na mawasiliano, kufanya maamuzi, kujua kinachoendelea pande zote na kugawa kazi zinapozidi. Yote hayo yanaweza kuonekana kwa mwanafunzi, mkijua pa kuangalia.

Angalieni anavyomwambia mkufunzi jambo asilotaka kulisikia. Mkufunzi kasahau hatua katika orodha ya ukaguzi. Mwanafunzi ananyamaza kwa heshima, anasema kwa sauti ya chini kisha anaacha, au anasema waziwazi na kungoja jibu? Wakufunzi wengine husahau hatua makusudi ili waone. Ni jaribio zuri likifanywa chini, injini haijawashwa, na mwanafunzi akaelezwa mara baada ya hapo.

Angalieni safari alizozikataa. Muulizeni: ni lini uliahirisha au ulikatisha safari, na ulijuaje kwamba muda umefika? Asiye na jibu hata moja baada ya miezi ya mafunzo ama ana bahati isiyo ya kawaida, ama hajawahi kuamua, akiwaachia wengine wamwamulie.

Angalieni anavyowasaidia wenzake. Wapo wanaowafanyia wenzao hesabu za safari, na darasa huwapenda. Kiongozi hukaa na mwenzake, akamwonyesha wapi upepo umeingia vibaya kwenye hesabu, kisha akamwacha aimalize. Waulizeni pia mafundi na wanaojaza mafuta. Hao huwaona wanafunzi pale ambapo wanafunzi hawajioni kuwa wanaangaliwa, na mwanafunzi aliyemdharau fundi alipoambiwa ndege haiko tayari atamdharau na rubani msaidizi siku moja.

Kuna wapole ambao jopo huwapita. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na kwa urubani ni kweli mara nyingi: anayezungumza maneno machache kwenye redio, yenye kueleweka, kwa wakati wake, anaongoza kuliko msemaji.

Hatua ya 4: Kusanyeni ushahidi mwaka mzima

Kumbukumbu ya mkufunzi hubeba wiki za mwisho tu. Kila mkufunzi aandike, walau mara moja kwa mwezi, sentensi mbili au tatu juu ya kila mwanafunzi wake, na sentensi hizo ziwe na kitendo ndani yake. “Ana moyo wa uongozi” haisaidii kitu. “Alipoona mafuta kwenye kipimo hayalingani na aliyopima kwa kijiti, alizima injini, akamwita fundi, akanieleza kabla sijamuuliza” inatosha kuwa ushahidi hata kwa mtu ambaye hajawahi kumwona.

Kila anayefikiriwa aruke walau mara moja na mkufunzi asiye wake. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike alionyesha jinsi maofisa wa jeshi waliowapa alama walio chini yao walivyoshindwa kutenganisha sifa: aliyepewa alama za juu kwa umbo na mkao alielekea kupewa za juu pia kwa akili, uongozi na tabia. Mkufunzi aliyependezwa na jinsi mwanafunzi anavyotua atauona uongozi hata pale usipokuwepo. Macho mapya hupunguza hilo, na ikiwezekana anayetoa alama za ustadi asiwe yuleyule anayetoa za uongozi.

Hatua ya 5: Makosa yahesabiweje?

Swali hili litawagawa wanajopo, kwa hiyo lijibuni mapema na kwa maandishi. Ukisema kwamba mwenye tukio lolote kwenye faili hafai kuteuliwa, umewaambia wanafunzi wote wafiche matukio yao. Usalama wa anga umejengwa juu ya watu kusema makosa yao: mfumo wa NASA wa kuripoti kwa hiari unafanya kazi tangu 1976, na kiambatisho namba 19 cha ICAO, kilichotoka 2013, kimeweka kanuni za usimamizi wa usalama kwa nchi zote wanachama.

Kwa hiyo tenganisheni kuteleza na kukaidi. Aliyeingia kimakosa kwenye njia ya ndege asiyoelekezwa, akasimama, akaujulisha mnara, kisha akaandika taarifa mwenyewe, asipoteze alama. Taarifa hiyo ni ushahidi wa uongozi. Aliyeshuka chini ya kimo kinachoruhusiwa ili apite juu ya nyumba ya rafiki yake ameondoka kwenye orodha, bila mjadala, hata kama hakuna aliyeumia. Katikati yake kuna matukio magumu. Katika hayo jiulizeni nani alilisema kwanza, na alifanya nini safari iliyofuata.

Hatua ya 6: Jopo na kura

Watu watano wanatosha: mkufunzi mkuu, afisa usalama, mwalimu wa masomo ya darasani, fundi mmoja, na mhitimu wa hivi karibuni. Mkufunzi wa mteule aje kueleza na kujibu maswali, kisha atoke. Mwenye undugu na mteule, au mwenye maslahi katika ada yake, asikae kabisa. Mmiliki wa chuo anayetaka “kushauri” ashauri juu ya vigezo mwanzoni mwa mwaka.

Kila mwanajopo atoe alama zake peke yake, kwa maandishi, kabla ya mtu yeyote kuzungumza. Mkianza na mazungumzo, alama zote zitafuata za mkubwa wa meza, na mtakuwa mmeurudia ugonjwa uleule mnaotaka kuutibu kwa wanafunzi. Mizani ya 1 hadi 5 inatosha, mradi kila namba iwe na maelezo ya tabia mbele yake. Kwa uongozi, kwa mfano:

- 2: anasubiri kuambiwa, akiona kosa, hulisema baada ya safari.
- 3: husema akiulizwa, maamuzi yake ni sahihi lakini huchelewa.
- 4: husema kwa wakati, hutoa sababu, hukubali kurekebishwa.
- 5: hufanya hayo yote hata akiwa amechoka au ameharakishwa, na wenzake wameanza kumuiga.

Wekeni 4 kuwa kizingiti kwa ustadi na kwa uongozi. Wakivuka wawili na wakalingana, waiteni wote kwa mahojiano mafupi, mkiwapa tukio moja lilelile. Hili hufaa: uko peke yako safari ndefu, mawingu yanashuka mbele, mafuta yatakufikisha uendako ukiwa na ziada ndogo juu ya akiba ya dakika 30 ya mchana, na huko kuna watu wanakungoja. Msisikilize kama atageuka. Karibu wote watasema watageuka. Sikilizeni ni lini, na ni nini kitakachomwambia kwamba wakati umefika. Mwenye alama aliyojiwekea kabla ya kupaa, mathalani mahali fulani kwenye ramani au kimo fulani cha mawingu, amewatangulia wenzake.

Jambo moja nalikataa kabisa: shindano la kuruka lililopangwa ili kumpata mshindi wa tuzo. Mwanafunzi anayejua kwamba jopo linamtazama kutoka chini atalazimisha kutua ambako siku nyingine angekuacha. Mkipenda mashindano, yawekeni kwenye simuleta, au fuateni kanuni zilizopo za mashindano ya kutua kwa usahihi, zenye waamuzi na adhabu kwa uendeshaji wa hatari, na yawe na zawadi yake nyingine.

Mwaka ambao hakuna aliyevuka vizingiti, msitoe. Itauma, na wafadhili watalalamika. Lakini kumvika mtu kilemba cha ukoka kwa ajili ya kujaza ratiba ya hafla kutawafanya washindi waliopita waone tuzo yao imeshuka thamani.

Hatua ya 7: Kutangaza

Andikeni maelezo ya tuzo ya maneno yasiyozidi 100, na yasomwe kwa sauti. Yataje alichofanya. Kwa mfano:

“Katika safari yake ndefu ya peke yake aliona mawingu yakishuka mbele. Aligeuka kabla ya kufika alama aliyojiwekea, akaujulisha mnara, akarudi na kutua salama. Siku iliyofuata alilieleza darasa alivyofikia uamuzi huo, pamoja na kosa alilofanya katika kusoma taarifa ya hali ya hewa. Katika safari za tathmini na wakufunzi watatu tofauti, alishika kimo na mwendo ndani ya kiwango kila mara.”

Ombeni ridhaa yake kabla ya kusoma jambo linalohusu kosa lake, na msimtaje mwanafunzi mwingine yeyote kwa kulinganisha.

Zawadi nzuri ni ile inayoongeza uwezo: saa kadhaa na mkufunzi katika zoezi ambalo halimo kwenye kozi, kama kuirudisha ndege iliyopinduka katika hali isiyo ya kawaida, au vifaa vya masikioni vya ubora, au ada ya mtihani unaofuata. Msimpe ruhusa ya ziada wala kumlegezea sheria yoyote. Mwanafunzi bora akiambiwa anaweza kupaa katika upepo ambao wenzake hawaruhusiwi, mmemtia hatarini kwa mikono yenu.

Walioteuliwa wakakosa waitwe mmoja mmoja ndani ya wiki hiyo na kuonyeshwa alama zao za kila kigezo. Wengi wataondoka na jambo moja mahususi la kufanyia kazi, na baadhi watarudi mwaka unaofuata kama wahitimu wa kukaa kwenye jopo.

Mwisho, fungueni faili la tuzo lenye vigezo vya mwaka huo, alama za jopo na maelezo yaliyosomwa. Litawasaidia mwajiri akiomba barua ya mapendekezo, kwani mtanakili vitendo badala ya kutunga sifa. Baada ya miaka mitatu au minne, rudieni majina: nani ameendelea, nani mafundi na wakufunzi wa kazini kwake wanamsifu, nani ameacha kabisa na kwa nini. Mkikuta washindi wenu wa alama 5 za uongozi wanasumbua huko waliko, rekebisheni maelezo ya namba hiyo kabla ya kumteua mwingine.